Kuondoka Si Usaliti: Queen na Msondo Wanavyojisimulia

Katika filamu ya Bohemian Rhapsody, iliyotoka mwaka 2018, kuna mahali Freddie Mercury anawaambia wenzake watatu wa bendi ya Queen kwamba amesaini mkataba wa kutoa albamu zake peke yake. Wenzake wanashtuka. Maneno makali yanatupwa, watu wanaachana, bendi inakufa. Baadaye Mercury anarudi ameinamisha kichwa kuomba msamaha. Wenzake wanamwambia atoke nje kidogo wajadiliane, kisha wanampokea kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba kuanzia hapo kila wimbo uandikwe jina la Queen, awe ametunga nani. Ndipo wanapokwenda Wembley kwenye tamasha la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, na mtazamaji anatokwa machozi.

Mambo hayakwenda hivyo. Mpiga drams Roger Taylor alitoa albamu yake binafsi mwaka 1981. Mpiga gita Brian May alitoa kazi yake nje ya bendi mwaka 1983. Mercury alikuwa wa tatu, mwaka 1985, na hakukuwa na jipya tena katika jambo hilo. Wala bendi haikuwa imevunjika: ziara yao kubwa ya albamu ya The Works iliishia Japani mwezi Mei 1985, hata miezi miwili haijapita kabla ya Wembley. Vidole vilikuwa bado vya moto.

Filamu kukosea tarehe si ajabu, na kama ingekuwa kazi ya mgeni aliyesoma magazeti ya zamani nisingeishughulikia. Lakini May na Taylor walikuwa ndani ya kazi hiyo tangu mwanzo, wakisimamia muziki wake. Walikuwapo 1981, 1983 na 1985. Wanajua nani alitangulia kutoa albamu yake. Kwa nini basi bendi iliyoanza mwaka 1970, ikafanikiwa kukaa na watu wale wale wanne miaka 20 bila kuvunjika, jambo ambalo bendi chache sana za roki zimeliweza, ijisingizie ugomvi?

Naona jibu limo ndani ya mapokeo yenyewe ya roki. Katika mapokeo hayo bendi ni watu fulani waliokutana ujanani, na kiapo chao hakina mwisho. Anayetoka amevunja kiapo. Kwa hiyo simulizi ya bendi ikitaka kumpa mtu heshima ya kurudi nyumbani, lazima kwanza imfanye msaliti. Queen hawakuwa na msaliti, wakamtengeneza. Na waliyemvika joho hilo ndiye peke yake asiyeweza kujitetea, maana alifariki tarehe 24 Novemba 1991.

Sasa tutazame Dar es Salaam. NUTA Jazz, bendi ambayo leo tunaiita Msondo, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha NUTA, na mmoja wa waimbaji wake wa mwanzo alikuwa Muhidin Maalim Gurumo. Mwaka 1978 Gurumo alitoka na kwenda kuanzisha maisha mapya na bendi changa ya Mlimani Park, iliyokuwa mali ya kampuni ya teksi na usafiri. Hakutoka peke yake. Wenzake kadhaa waliifuata njia hiyo hiyo, akiwamo Hassan Rehani Bitchuka, mwenye ile sauti nyembamba inayopanda juu bila kukwaruza. Mlimani Park, yaani Sikinde, ikawa mpinzani mkubwa wa bendi waliyoiacha. Mwaka 1985 Gurumo akaondoka tena, safari hii kwenda Orchestra Safari Sound, akawa mmoja wa wale waliousimamisha mtindo wa Ndekule. Kisha akarudi Msondo na kumalizia hapo safari yake ya muziki. Bitchuka naye amehama na kurudi zaidi ya mara moja.

Kwa hesabu ya filamu ile, Gurumo ni msaliti mara mbili au tatu. Kwa hesabu ya wapenzi wa dansi, alihama. Walinung'unika, ndiyo, mashabiki wa Msondo na Sikinde hawajawahi kuwa wapole, na mpambano wa bendi hizo mbili siku za sikukuu ulijaza watu kwa sababu kila upande ulikuwa na la kulipizia. Lakini ukumbini hakuna aliyemdai mwimbaji apige magoti. Aliporudi alipanda jukwaani akaimba.

Tofauti hii haitokani na tabia njema ya watu wa Pwani, na ningekuwa nadanganya nikisema hivyo. Inatokana na umiliki. Wanamuziki wa Dar es Salaam wa kizazi hicho walikuwa waajiriwa. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima, UDA Jazz ya shirika la mabasi. Polisi, magereza na jeshi walikuwa na bendi zao. Magita, spika na gari vilikuwa vya mwajiri, na jina pia. Mwanamuziki aliyehama aliacha vyombo nyuma akaondoka na koo lake na vidole vyake, akatafuta mshahara ulio bora. Ukimwita msaliti, itabidi umwite hivyo pia dereva aliyehama kutoka shirika moja la umma kwenda jingine.

Msondo yenyewe imebadilishwa jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadilika: NUTA Jazz, JUWATA Jazz, OTTU Jazz. Mlimani Park nayo, kampuni iliyoianzisha ilipokwama, ilichukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, mwaka 1983. Mabango yalifutwa na kuandikwa upya. Kilichobaki kilikuwa mtindo. Msondo ni mtindo, Sikinde ni mtindo. Mpenzi wa dansi aliyeziba masikio dakika kumi akayafungua katikati ya wimbo angejua yuko ukumbi gani kwa jinsi magita yanavyojibizana na kwa jinsi matarumbeta yanavyoingia kabla ya chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo. Bendi inaishi humo. Watu huingia na kutoka, na simulizi haivunjiki, kwa sababu haikufungwa kwenye sura za watu wanne.

Linganisha na jinsi Queen wanavyojitambulisha tangu 2012: Queen + Adam Lambert. Alama ile ya kujumlisha inasema mengi. Lambert ana sauti kubwa, amezunguka nao dunia nzima miaka mingi, na uwanja hujaa. Hata hivyo haingii ndani ya jina. Anasimama kando yake, amejumlishwa, na yeye mwenyewe husema mara kwa mara kwamba hakuja kuchukua nafasi ya Mercury. Paul Rodgers kabla yake alijumlishwa vivyo hivyo. Naiheshimu adabu iliyomo katika alama ile, adabu kwa marehemu. Lakini Msondo wangejiandika hivyo, bango la leo lisingetosha ukuta.

Kuna bendi za roki zilizojaribu kuamua swali la nani ni bendi kwa kwenda mahakamani. Roger Waters alipotoka Pink Floyd miaka ya 1980 alitaka jina life naye. David Gilmour na Nick Mason wakakataa, kesi ikafunguliwa 1986, na mwaka uliofuata wakaafikiana nje ya mahakama. Nairobi, mwaka 1978, wapigaji kadhaa wa Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Kinyonga kutoka Tanga, walijitoa, akiwamo Omar Shabani wa gita la rithimu. Waliita bendi yao mpya Les Wanyika. Baadaye Issa Juma naye akaja na Super Wanyika Stars. Jina likawa ukoo. Sidai kwamba hapakuwa na uchungu nyumbani kwa kina Kinyonga; uchungu ulikuwapo. Nasema tu kwamba msikilizaji aliachiwa nyumba tatu za kutembelea badala ya moja iliyofungwa kufuli.

Nirudi kwa Queen, kwa sababu kuna jambo moja katika simulizi yao linaloniuma kuliko hilo la usaliti. Katika filamu, Mercury anawaeleza wenzake wakati wa mazoezi kwamba ana UKIMWI, kabla ya Live Aid, na zile dakika 20 hivi za Wembley zinabeba uzito wa kifo. Jim Hutton, mwenzi wake wa miaka ya mwisho, aliandika katika kitabu chake cha 1994 kwamba majibu ya vipimo yalikuja 1987. Mercury mwenyewe aliitunza siri hiyo mpaka tarehe 23 Novemba 1991, alipotoa tangazo. Kesho yake akafariki. Ugonjwa aliouficha kwa nguvu zake zote umesogezwa nyuma miaka miwili ili onyesho linoge. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, na filamu haimsemi vibaya. Inamsifu kwa sauti kubwa. Lakini imechukua siri yake na kuipanga upya kama samani za jukwaani, na waliopanga ni watu aliowaamini.

Na lile sharti la nyimbo zote kuandikwa Queen? Hilo lilitokea kweli, ila mwaka 1989, kwenye albamu ya The Miracle, yenye jalada lililounganisha nyuso zao nne zikawa uso mmoja wenye macho mengi. Miaka yote kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na nyimbo zake, na pamoja nazo ugomvi wa upi utoke sahani na upi ubaki. Wakaamua kuyamaliza: kila kitu ni cha wote wanne. Ni moja ya mambo mazuri ambayo bendi yoyote imewahi kufanya, na waliyafanya wakiwa na mwenzao anayedhoofika. Filamu imelichukua jambo hilo ikalifanya adhabu aliyopewa aliyepotea. Zawadi imegeuzwa faini.

Mwigizaji Sacha Baron Cohen, aliyepangiwa kumwigiza Mercury kabla hajajitoa kwenye mradi, alisimulia mwaka 2016 kwamba mmoja wa wanabendi alimweleza filamu ambayo Mercury anafariki katikati, na sehemu iliyobaki inaonyesha bendi ikiendelea. Aliisimulia kama jambo la kuchekesha, na watu walicheka. Mimi ningeipenda filamu hiyo. Ingewalazimisha waliobaki kusimulia yaliyo yao, si kumrekebisha marehemu: jinsi walivyosimama Wembley tarehe 20 Aprili 1992 kumuaga mbele ya umati, jinsi mpiga besi John Deacon alivyojitenga taratibu baada ya 1997 na kunyamaza mpaka leo, jinsi wawili waliobaki walivyotafuta namna ya kuendelea bila kujiona wezi. Mtu wa dansi angeielewa filamu hiyo mara moja.

Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Waparsi ambaye baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Alisomea Panchgani, India, akarudi Unguja, na baada ya mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Filamu inayagusa hayo kwa kupita tu. Inamchukua mwaka 1970 akipakua mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Visiwani kwenyewe jina lake limezua mabishano. Mwaka 2006 jumuiya ya UAMSHO ilipinga sherehe iliyopangwa ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, na mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake Shangani.

Mwaka alipozaliwa, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilikuwa tayari na miaka 41 katika mji huo huo. Kilianzishwa 1905. Hakuna mwanzilishi aliye hai, hakuna anayemtarajia, wala hakuna anayeongeza alama ya kujumlisha. Ni klabu: mtu anajiunga, anafundishwa udi, fidla au kanuni, anashika kiti cha aliyetangulia. Wimbo wenyewe umegawanywa tangu unapozaliwa, kwa kuwa mtunzi wa shairi ni mmoja, aliyetia muziki ni mwingine, na mwimbaji ni wa tatu, na wasikilizaji wazuri wanawajua wote. Kilipotimiza miaka 100 mwaka 2005 kilitolewa santuri ya kumbukumbu, ikawa ya kwanza katika mfululizo wa Zanzibara. Karne nzima ikawekwa kwenye diski moja bila kuhitaji shujaa.

Kufika hapa ingekuwa rahisi kumaliza kwa kusema mapokeo yetu yanasimulia vizuri zaidi. Siamini hivyo. Tuna mtego wetu. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu nikipendacho sana kwa lugha yake, kuhusu mwimbaji aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na kufariki 1950. Lakini Shaaban Robert ni mwandishi wa mawaidha. Maisha ya Siti yanatiririka kuelekea kwenye mafunzo, kila dhiki ina somo lake, na mwanamke aliyeimba kesi za mahakamani na dhuluma walizofanyiwa watu wa mitaa ya Ng'ambo anatoka mle amenyooshwa kama kanzu ya Ijumaa. Wapigaji waliomzunguka, Mbaruku, Budda bin Mwendo, Maalim Shaaban, Subeti, hawakupata kitabu chao. Filamu ya Queen ilimfanya Mercury mkosaji ili aweze kusamehewa. Wasifu umemsafisha Siti ili aweze kuigwa. Vyote viwili vimemtumia mtu.

Pia tumeacha wengine watusimulie. Anayetaka kusoma kwa kina kuhusu dansi na taarabu ya Tanzania leo ataelekezwa kwa Kelly Askew, kitabu cha 2002, na kwa Alex Perullo, kitabu cha 2011. Ni Wamarekani wote wawili, na wameandika kwa Kiingereza. Ni kazi nzuri zilizofanywa kwa heshima na miaka mingi ya kukaa na wanamuziki. Mwimbaji wa taarabu Bi Kidude alipopata filamu, As Old as My Tongue ya 2006, aliyeiongoza alikuwa Mwingereza. Queen waliweza kujisimulia, hata kama vibaya, kwa sababu jina lilikuwa lao, rekodi zilikuwa zao, na mirabaha iliwapa nguvu ya kukaa mezani na studio. Bila hati ya kumiliki, hata uongo wako mwenyewe huwezi kuugharamia.

Agosti 2013 Gurumo alitangaza kustaafu baada ya zaidi ya miaka 50 jukwaani, na akasema wazi kwamba muziki haukumwachia hata baiskeli. Diamond Platnumz, kijana ambaye wakati NUTA Jazz inaanza hata mama yake alikuwa hajamfikiria, alimpa gari. Watu walipiga makofi, nami nilifurahi. Gurumo alifariki Aprili mwaka uliofuata. Sauti yake imo kwenye kanda za Redio Tanzania, ambako bendi zote kubwa zilirekodi, na kila Jumapili kuna mtu anaipiga kwa sauti ya juu mtaa mzima usikie. Lakini simulizi yake, ya 1964, ya 1978, ya kilichosemwa na kisichosemwa siku aliyorudi, ilibaki katika mahojiano mafupi ya magazeti na midomoni mwa waliomjua.

Beatles walipotengeneza Anthology, mfululizo wa filamu wa kujisimulia, mwaka 1995, John Lennon alikuwa amefariki miaka 15 kabla. Walikusanya mahojiano yake ya zamani wakayaweka katikati ya maneno ya wenzake watatu, na mara nyingine anakumbuka jambo tofauti na wao, na wanaliacha hivyo hivyo. Hiyo ndiyo namna iliyo karibu zaidi na ukumbi wa dansi ambayo nimeiona kwenye roki. Mwimbaji anamwita mpiga solo kwa jina, mpiga solo anajibu kwa gita lake, anayefuata anapokea, na hakuna anayepewa neno la mwisho.

Queen wenyewe waliwahi kujisimulia hivyo, mara moja, bila filamu. Katika albamu ya Made in Heaven ya 1995 umo wimbo Mother Love, wa mwisho ambao Mercury alirekodi. Aliimba beti akiwa amechoka, akasema anakwenda kupumzika na atarudi kumalizia. Hakurudi. Ubeti wa mwisho ameuimba Brian May. Hawakuiga sauti ya Mercury wala kuificha ile ya May; msikilizaji anaisikia sauti moja ikikoma na nyingine ikiingia, tofauti kabisa, pungufu kabisa, na wimbo unaendelea.

Siku filamu ya Msondo itakapotengenezwa, mwandishi wake atashawishika kuanzia 1978 na kumfanya Gurumo mtu wa kuomba radhi. Wanunuzi wa filamu watampenda kwa hilo. Kabla hajaandika ukurasa wa kwanza, ningemtaka akae na wazee waliokuwa wakicheza dansi miaka ile, wale waliomfuata Gurumo Mlimani wiki moja na wiki ya pili wakarudi kuwasikiliza aliowaacha, akawaulize walikuwa upande gani.